Mchovu Aliyeandikwa Mwoga

Fusae Hatakeyama alikuwa na miaka sitini na mbili siku aliposoma kwenye karatasi za hospitali kwamba mume wake ni mwoga. Alisoma mara moja, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya aproni, akasoma tena. Maneno yalikuwa yaleyale. "Mgonjwa analalamika hofu kali. Anaogopa ngazi. Anaogopa kubeba kuni. Hofu huzidi akilala chali." Chini yake palikuwa na sahihi ya daktari, ndogo na safi, ya mtu asiye na shaka na alichoandika.

Kiichi aogope kuni? Huyu ni mtu ambaye kwa miaka kumi na minne, kila theluji ilipofunga mashamba ya Akita, alishuka kusini kwenda kuchimba mahandaki ya reli. Aliwahi kufukiwa na udongo hadi kifuani. Walipomtoa alikula chakula chake cha mchana, akapiga chafya mara mbili, akarudi ndani kumalizia zamu. Kuna mwaka dubu aliingia kwenye banda lao la moshi, na Kiichi akamfukuza kwa kugonga sufuria huku akimtukana kwa jina la diwani mmoja wa mjini. Hata hayo ya mahandakini Fusae aliyasikia kwa majirani, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kujisimulia.

Kosa lote lilitokana na neno moja. Kwa watu wa Tokyo, na wa kwenye televisheni, kowai ni neno la hofu. Mtoto akiona nyoka husema kowai, na msichana akitazama sinema ya mizimu hufunika macho akasema hivyohivyo. Lakini bondeni kwa kina Fusae kowai ni uchovu, na si ule wa kupiga miayo. Ni mwili kuishiwa nguvu, miguu ikawa kama ya kuazima. Ukitaka kusema unaogopa, lipo neno lake, okkanai, na hakuna mtoto wa bonde lile anayeyachanganya hayo mawili. Mtu akitoka kuvuna mpunga, akaketi kizingitini na kusema kowai, huletewa chai. Hakuna anayemuuliza kimemtisha nini.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, na Novemba ndiyo mwezi wa figili. Kwa miaka thelathini na mmoja Fusae alikuwa akitengeneza figili za moshi: zile ndefu nyeupe, zinafungwa kwa kamba, zinaning'inizwa kwenye boriti za banda juu ya moto wa kuni za mwaloni na mcheri, kisha zinalazwa kwenye pumba za mpunga na chumvi mpaka theluji iyeyuke. Moto ule hauachwi hata kwa saa moja. Ukizima, figili zinaoza, ukipanda, zinaungua. Kazi ya Kiichi ilikuwa kupasua kuni na kuzileta. Mwaka huo, kila mara alipoleta mzigo alikaa juu ya gogo akapumua kwa mdomo.

"Kowai," alisema. "Mama Chiharu, mwaka huu kuni zimekuwa nzito."

"Kuni ni zilezile, Baba Chiharu. Nenda hospitali."

"Nitakwenda figili zikishashuka."

"Utakwenda kesho."

Akaenda, kwa basi, peke yake, kwa sababu Fusae hakuweza kuuacha moto. Ilikuwa hospitali kubwa ya mji ulio chini ya bonde, yenye sakafu inayong'aa na maua ya plastiki. Alirudi saa nane mchana na pakiti ya vidonge.

"Wamesemaje?" Fusae aliuliza.

"Daktari ni kijana mpole. Katoka Nagoya. Kaniuliza nini kinanitia kowai, nikamwambia ngazi. Na kuni. Kaniuliza kama nikilala inazidi, nikamwambia ndiyo, nikilala chali kifua kinakuwa kizito."

"Kakupima moyo?"

"Kanisikiliza kidogo kwa kile kidude. Halafu kanipa fomu ya maswali ya ajabu. Eti je, nywele husimama? Je, ngozi huwa kama ya kuku aliyenyonyolewa? Ini hupoa? Kiuno huchomoka nikisikia kishindo?"

"Kuchomoka kiuno si kuogopa huko?"

"Ndiyo nikashangaa. Nikadhani wanauliza kila mtu. Nikaweka hapana, hapana, hapana, mpaka chini."

Fusae alicheka. Kicheko hicho kilikuja kumuuma baadaye, kwa sababu aliishika ile pakiti mkononi na hakusoma maandishi madogo ya nyuma. Moto ulikuwa unapanda. Aliiweka kwenye rafu karibu na chumvi, akarudi kazini. Vidonge vile vilikuwa vya kutuliza wasiwasi. Kiichi alilala kama jiwe siku tano mfululizo, na mke wake akafurahi kwamba hatimaye anapumzika.

Siku ya sita alirudi tena hospitali, safari hii akishika ukuta kila hatua ya tatu. Alimwambia daktari kwamba kowai imezidi, sasa hata kutoka kitandani hadi chooni ni kowai. Daktari alimwonea huruma kweli. Hilo Kiichi alilisema mwenyewe. Daktari alimshika bega, akamwambia asione haya, wanaume wengi wa umri wake hupatwa na hali hiyo. Akamwongezea vidonge mara mbili.

Siku ya kumi, asubuhi, Kiichi alianguka kwenye ngazi za banda. Ngazi zenyewe ni tatu tu. Kuni zilitawanyika kwenye theluji na yeye akalala juu yake, midomo ikiwa na rangi ya majivu. Fusae alipiga simu, akamfunika kwa koti lake, akakaa naye huku nyuma yake moto ukijifanyia utakavyo.

Mtu wa gari la wagonjwa alikuwa mtoto wa bonde lile, mwenye masharubu machache na sauti kubwa. Alipiga goti kwenye theluji.

"Mzee, vipi?"

"Kowai," Kiichi alinong'ona.

"Umechoka hivi tangu lini?"

"Tangu mavuno."

Yule mtu hakuuliza swali la tatu. Alimvisha barakoa ya hewa, akashika redio, akasema, "Moyo. Andaeni watu wa moyo, tunashuka naye." Fusae aliyasikia hayo akiwa amesimama na aproni yake ya moshi, na hata kabla hajajua kosa lilikuwa nini, alikuwa ameshaanza kukasirika. Mtu ambaye si daktari alikuwa ameelewa kwa maswali mawili.

Walimwokoa. Mshipa mkubwa wa moyo ulikuwa umeziba, wakauzibua, lakini sehemu ya moyo ilikuwa imekwisha kufa. Daktari wa upasuaji, mzee mwenye mikono mirefu, alimweleza Fusae kwenye korido.

"Ataishi. Lakini kazi nzito basi. Mama, mngemleta siku kumi mapema, ningekurudishia mume mzima."

"Alikuja siku kumi mapema," Fusae alisema. "Akaja tena siku nne zilizopita. Hapahapa."

Yule mzee alitazama faili, akakohoa, akasema ana mgonjwa mwingine.

Muuguzi mkuu wa wodi ile aliitwa Narita, mwanamke mnene wa bonde la jirani. Siku ya tatu, akibadilisha shuka, alisema bila kuinua macho, "Mama Hatakeyama, sheria inakuruhusu kuomba nakala ya faili la mumeo. Ukiomba, hawawezi kukunyima. Mimi sikukwambia kitu." Ndivyo Fusae alivyopata zile karatasi, na ndivyo alivyosoma kwamba mume wake anaogopa kuni. Kwenye ile fomu ya maswali, pembeni mwa hapana zote ishirini na mbili za Kiichi, mkono uleule mdogo na safi ulikuwa umeandika: "Anakanusha. Pengine anaona aibu."

Hilo ndilo lililompandisha. Kutolielewa neno ni jambo linaloweza kumpata mtu yeyote. Lakini mzee wa watu aulizwe mara ishirini na mbili kama anaogopa, ajibu mara ishirini na mbili kwamba haogopi, halafu aandikwe mwongo?

Alifanya kosa la kumwonyesha Kiichi. Kiichi alisoma akiwa ameegemea mito, polepole, kidole chini ya kila mstari.

"Niliogopa kuni," alisema.

"Hukuogopa kuni."

"Imeandikwa." Akamrudishia karatasi, akageukia ukutani. "Achana nayo, Mama Chiharu. Wameshaandika. Wagonjwa wenyewe wako wengi, mtoto wa watu anafanya kazi mpaka anasinzia amesimama. Usinitie aibu."

"Aibu si yako."

"Basi niache nilale."

Hakuacha. Labda angekuwa mwanamke mwingine angeacha, lakini Fusae neno lile alikuwa akigombana nalo tangu utotoni. Alipokuwa darasa la pili radi ilipiga mti wa uwanja wa shule, naye akasema okkanai, kwa sauti, mbele ya mwalimu aliyetoka mjini. Alivishwa shingoni kibao cha mbao kilichoandikwa kwamba amesema lugha ya shamba, na alitembea nacho mpaka alipomsikia mwenzake akikosea, akamvisha yeye. Mwenzake huyo alikuwa rafiki yake. Alipofika miaka kumi na mitano walimpakia kwenye treni pamoja na wasichana wengine hamsini kwenda kiwanda cha nyuzi karibu na Tokyo. Wiki ya kwanza, baada ya zamu ya muda wa saa kumi, alimwambia msimamizi kwamba ni kowai. Msimamizi aliwaita wenzake. "Njooni mumsikie huyu wa kaskazini, anaogopa mashine." Kwa miezi minne baada ya hapo Fusae hakufungua mdomo ila kula. Alijifunza lugha ya Tokyo kwa kusikiliza redio ya bweni, akaisema vizuri kuliko msimamizi, na aliporudi nyumbani kuolewa akaiacha kwenye stesheni. Kiichi, miaka kumi na minne ndani ya mahandaki yale, hakujifunza. Alisema mahandaki hayajali unavyozungumza.

Kwa hiyo Fusae aliandikia hospitali barua. Hakuomba fidia, na binti yao Chiharu alipopiga simu kutoka Sendai kumwambia atafute wakili, alimjibu kwamba wakili atamfundisha kuzungumza kama wao. Alitaka mambo mawili: maneno yale yasahihishwe, na daktari aje aseme kwa mdomo wake mbele ya Kiichi kwamba Kiichi hakuwa mwoga.

Aliitwa mwezi wa Januari. Msimamizi wa hospitali, Bwana Wakui, alimpokea kwenye chumba chenye zulia, akainama sana, akamsogezea sanduku la keki za maharage zilizofungwa kwa karatasi nzuri. Pembeni alikaa Daktari Mizutani, yule kijana wa Nagoya, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Muuguzi Narita alikuwa mlangoni na daftari.

"Tumesikitika sana kwa kutoelewana huku," Bwana Wakui alisema.

"Hakukuwa na kutoelewana," Fusae alisema. "Mume wangu alimwelewa daktari vizuri. Ni upande mmoja tu ambao haukuelewa."

"Bila shaka, bila shaka. Lakini mama atakubali kwamba ni suala la tofauti ya lugha. Tunahudumia watu wengi. Mgonjwa naye ana wajibu wa kujieleza kwa Kijapani sanifu, hasa katika mambo ya kitabibu."

Narita aliacha kuandika.

Fusae alilirudisha sanduku la keki upande wa pili wa meza, taratibu, mpaka likagusa kifungo cha koti la Bwana Wakui. Kisha akasema kwa lugha ya Tokyo, ile ya redio ya bweni, bila kukosea hata sauti moja:

"Bwana Wakui, mimi Kijapani sanifu nakijua. Nilifundishwa kwa kibao shingoni. Mnaona nilivyokisema? Sasa nieleze. Mtu moyo unamfia kifuani, anapumua nusu pumzi, ndio wakati wa kumpa mtihani wa lugha? Hospitali hii imejengwa kwenye bonde letu. Wagonjwa wote ni wa bonde letu. Neno lenyewe hutamkwa hapa kila siku, kila nyumba. Mlimleta kijana huyu kutoka mbali, mkamkabidhi chumba, kalamu na watu, na hakuna hata mmoja wenu aliyemwambia neno moja. Halafu kosa ni la mzee wa figili."

"Mama, hakuna aliyesema kosa ni la..."

"Umesema sasa hivi. Ana wajibu. Muuguzi ameandika."

Bwana Wakui alitazama daftari la Narita. Narita alilifunga, kidole kikibaki ndani kushika ukurasa.

Fusae alimgeukia daktari. Alikuja amejiandaa kumchukia, na kwa sehemu alimchukia. "Wewe mwanangu, mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Yuko Nagoya?"

"Ndiyo."

"Akitoka sokoni na mizigo, akafika mlangoni amekwisha kabisa, anasemaje?"

Shingo ilianza kumwiva Daktari Mizutani kwa haya. "Husema erai," alisema.

Narita aliguna. Kwa Wajapani wengine wote, erai ni mtu mkubwa, mwenye cheo, wa kuinamiwa. Nagoya ndiko mtu akichoka huwa erai.

"Basi akija huku kwetu akiumwa," Fusae alisema, "akimwambia daktari wa Akita kwamba ni erai, tumfanyeje? Tumpigie magoti tumwite mheshimiwa, tumwache afe kwenye kiti cha heshima?"

Kijana aliinama mpaka paji lake likakaribia meza, akakaa hivyo muda mrefu kupita adabu.

"Na zile hapana ishirini na mbili?" Fusae aliuliza. Hasira ilikuwa imemrudisha kwenye lugha yake. "Uliandika anaona aibu. Kwa nini hukumwamini?"

"Kitabuni imeandikwa kwamba wazee wa kaskazini hawasemi hisia zao," alijibu, uso bado chini. "Nikaona ndiyo hiyo."

"Alikwambia. Alikwambia mara mbili, kwa basi la kwenda na kurudi."

Bwana Wakui alieleza kwamba faili la mgonjwa halifutwi kisheria, kwa hiyo maneno yatabaki. Fusae alisema vizuri, basi na ya kwake yaongezwe. Baada ya nusu saa ya kubishana walikubali kubandika karatasi yake ndani ya faili, ya mwandiko wake mwenyewe. Aliiandika palepale, mbele yao, huku sanduku la keki likitazamana na dari: kwamba Hatakeyama Kiichi alisema amechoka, akamaanisha amechoka, na aliyeandika hofu ni mtu ambaye hakuuliza. Bwana Wakui aliomba mstari wa mwisho upunguzwe ukali. Fusae alishika tena kalamu akaongeza mwingine.

Daktari alikuja nyumbani Jumapili iliyofuata, kwa miguu kutoka kituo cha basi, theluji ikimfika magotini. Alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya Kiichi, akasema aliyopaswa kusema. Kiichi aliona haya kuliko yeye. "Inuka, daktari, inuka, utapata baridi ya magoti," alisema, na akamwagizia chai na vipande vya figili. Wakazungumza habari za mahandaki. Fusae alikaa jikoni na hakutoka. Mume wake kusamehe ilikuwa hiari yake; yeye hakuwa amefikia huko, na hakupenda kuigiza.

Muuguzi Narita ndiye aliyefanya lililobaki. Alimwomba Fusae amsaidie kukusanya maneno ya bonde, ya uchovu, ya maumivu, ya hofu, ya tumbo, na majira ya kuchipua wakazunguka pamoja kwenye bafu la maji moto la wazee, wakiandika huku karatasi zikilowa. Hospitali iliyabandika kwenye kila chumba cha daktari. Chapa ya kwanza waliandika kwamba kowai ni "uchovu kidogo". Fusae alipanda basi siku hiyohiyo akasimama mapokezi mpaka neno "kidogo" likatolewa.

Kiichi aliishi miaka miwili na miezi saba. Hakupanda tena juu ya paa kuondoa theluji. Walilipia watu, naye alikaa dirishani akiwakosoa. Mwaka wa pili alirudishwa hospitali kwa upasuaji mwingine. Asubuhi ile, kabla hawajamsukuma kwenye chumba cha upasuaji, alimshika mke wake kwenye kiwiko, akamvuta karibu.

"Okkanai," alisema.

Fusae hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, miaka arobaini na moja ya ndoa. Alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akatembea kando ya kitanda mpaka pale wasipomruhusu kupita. Kiichi alitoka salama siku ile. Alifariki majira ya joto yaliyofuata, nyumbani, adhuhuri, moyo uliobaki ukiwa umechoka.

Daktari Mizutani alikuja mazishini, akakaa nyuma. Wengi walimwambia Fusae kwamba sasa ni wakati wa kuweka hasira chini, maana kijana amejifunza na karatasi ziko ukutani. Aliwasikiliza wote kwa adabu. Kisha aliwaambia kwamba mume wake angekuwa bado anawakosoa watu wa theluji kama mtu mmoja angeuliza swali moja, na kwamba hasira hiyo haimzuii kulala wala kula, kwa hiyo haoni sababu ya kuiweka popote.

Novemba hiyo aliajiri mwanamke wa jirani kuleta kuni. Siku ya kwanza mwanamke yule aliketi juu ya gogo, akafuta jasho, akasema ni kowai. Fusae aliacha moto, akaenda kumtazama rangi ya midomo.